Tunaambiwa maktaba zetu tatu ziwe moja, tukubali au tukatae?

"Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati ya maktaba ya kijiji, tupo upande wa barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu, Kigoma. Kata yetu ina maktaba tatu ndogo. Ya kijiji cha barabarani ina vitabu kama 1,100, ipo kwenye jengo la zamani la ushirika. Ya kijiji cha kati ina 700, ipo kwenye chumba cha shule ya msingi. Yetu ya mlimani ina 400 tu, ipo chumba kimoja pembeni ya ofisi ya kijiji na anaitunza mzee mmoja wa kujitolea, huu mwaka wake wa kumi na mbili. Kutoka kwetu mpaka barabarani ni kilomita 6. Sasa diwani anasema kuna mfadhili yuko tayari kujenga maktaba moja kubwa ya kisasa ya kata kule barabarani, sharti zote tatu ziunganishwe na vitabu vyote vipelekwe huko. Wa barabarani wanashangilia, wa kati wamegawanyika, kwetu wazee wanasema tunaporwa. Mimi jengo naliona ni maendeleo ila roho inasita. Je, kitaalamu kuunganisha ndio sahihi? Tukikataa si tutaitwa wapinga maendeleo? Na vitabu vikishaenda vitakuwa vya nani?"

Marahaba mwanangu, na mwakeye huko mlimani. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mkutubi na mara ya pili kama mama aliyewahi kutembea na watoto kwenye vilima vya huko wakati wa masika, na nikwambie mapema kwamba roho yako kusita ni sawa kabisa. Hausiti kwa sababu hupendi maendeleo, unasita kwa sababu mmepewa maswali matano yamefungwa kwenye furushi moja halafu mnatakiwa mjibu ndiyo au hapana.

Tulifungue hilo furushi. Watu wakisema "kuunganisha maktaba" kichwani wanaona jengo, yani vitabu vinapakiwa kwenye lori vinashushwa sehemu moja, basi. Kumbe jengo ni kitu cha mwisho kabisa na mara nyingine halihitajiki hata kidogo. Kuna kuunganisha kadi, kwamba mtoto aliyeandikishwa kwenu anaweza kuazima kule kati bila kuulizwa wewe wa wapi. Kuna kuunganisha katalogi, kwamba ukifungua orodha moja unaona vitabu vyote vya maktaba zote tatu na kila kimoja kipo wapi. Kuna kuunganisha vitabu vyenyewe, viwe vinazunguka. Kuna kuunganisha uongozi na hela, kamati moja, akaunti moja. Ndio mwisho sasa linakuja jengo. Hivi vitu havilazimiki kwenda pamoja. Kule Finland miji minne jirani, Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen, maktaba zao zina kadi moja na katalogi moja lakini kila mji umebaki na maktaba zake na wafanyakazi wake, msomaji anaazima mji huu anarudisha mji ule. Hiyo nayo ni kuunganisha, na wala hakuna kijiji kilichofungiwa mlango.

Sasa kwa nini maktaba ziunganishwe kabisa, faida inatokea wapi? Hapa naomba unifuate polepole maana hapa ndipo kesi yenu ilipo. Maktaba yoyote inakula gharama za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuwa na mlango wazi, yani chumba, mtunzaji, mlinzi, umeme, paa. Hiyo unailipa uwe na vitabu 400 au 4,000. Ya pili ni ya vitabu vyenyewe, kununua, kutengeneza vilivyochanika, kubadilisha vilivyopitwa. Nchi ambazo kila mlango unalipiwa mshahara wa mkutubi na bili ya umeme na joto, ukifunga milango miwili kati ya mitatu umeokoa hela nyingi kweli, ndio maana Denmark walipounganisha halmashauri zao mwaka 2007, kutoka 271 mpaka 98, matawi mengi madogo ya maktaba yalifungwa. Hesabu zao zilikuwa zinawaelekeza huko.

Lakini kwenu ni kinyume chake. Chumba mmekipata bure, mzee anajitolea, umeme sijui kama mnao na kama mnao ni balbu moja. Sasa ukiufunga mlango wa mlimani umeokoa shilingi ngapi? Karibu na sifuri. Halafu unakwenda kufungua jengo kubwa ambalo litataka mlinzi wa usiku, umeme wa Luku, mtu wa usafi, mkutubi wa kulipwa maana jengo la namna hiyo huwezi kumwachia mzee wa kujitolea, na baada ya miaka michache rangi na paa. Kwa hiyo kwenu kuunganisha majengo hakupunguzi gharama, kunaleta gharama ambazo hamkuwa nazo. Hili diwani hajalifikiria na simlaumu, jengo linaonekana, gharama ya Luku haionekani mpaka ije.

Nyie hamna shida ya milango, mna shida ya vitabu. Maktaba ya vitabu 400, mtoto anayependa kusoma anaimaliza. Toa kamusi, toa vitabu vya kiada vilivyochakaa, toa yale makatoni ya Kiingereza kigumu yaliyoletwa na wageni ambayo hamna anayeyagusa, vinabaki vingapi vya kusoma kwa hamu, mia moja na hamsini? Mwaka wa pili huyo mtoto haji tena, sio kwamba amechoka kusoma, amemaliza. Sasa angalia. Mkichukua vitabu 100 kutoka zile maktaba mbili za chini mkavipandisha kwenu, na mia moja vya kwenu mkavishusha, mkabadilishana hivyo mara nne kwa mwaka, yani mwanzo wa kila muhula na katikati yake, kwa mwaka mnakuwa mmepokea vitabu 400 ambavyo watoto wa mlimani hawajawahi kuviona. Hiyo ni maktaba yenu nzima imekuja upya, na hamjanunua hata kimoja. Gharama yake ni bodaboda safari nne na maboksi mawili yenye mfuniko, na turubai kama ni masika. Hii kazi ya vitabu kusafiri sio ngeni hapa nchini, huduma za maktaba za taifa tangu zamani ziliwahi kutumia magari ya maktaba kuwafuata watu wasio na maktaba karibu.

Ndio maana msimamo wangu ni huu: unganisheni vitabu na kadi sasa, uongozi baadaye, milango msiifunge.

Niseme kidogo kuhusu zile kilomita 6, maana kwenye vikao watu wakisikia 6 wanasema mbona karibu. Karibu kwa mwenye pikipiki. Chukua mtoto wa darasa la nne wa mlimani, katoka shule saa 9 alasiri, akishuka barabarani anafika saa 10 na nusu, akikaa nusu saa saa 11 aanze kupanda, na kupanda sio sawa na kushuka, anafika nyumbani saa 1 inakaribia. Huku kwetu Kigoma jua linachelewa kuzama kuliko Dar ila hata hivyo atafika jua linazama, maji hajachota, na kama ni binti mama yake hatamruhusu mara ya pili, na mimi ningekuwa huyo mama nisingemruhusu pia. Na hapo nimeongelea kiangazi. Kuanzia mvua za mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne ile njia unaijua wewe. Maktaba inatumiwa na anayeweza kuifikia akiwa na dakika ishirini za ziada, watu wazima wanaweza kupanga safari ya maktaba, mtoto hapangi, mtoto anapita. Ukihamisha chumba kutoka alipokuwa anapita umemwondoa msomaji hata kama jengo jipya lina vigae na feni.

Ila nisiwe mwanasiasa, kuna hali ambapo kuwa na jengo moja ni sahihi na ningekwambia saini kesho. Kama maktaba moja imeshakufa, mlango una kufuli mwaka mzima na ufunguo hajulikani aliko, hapo hamfungi kitu, mnaokoa vitabu. Kama vijiji vimeungana kiasi kwamba kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa robo saa, ni sawa. Na kama shule ya sekondari ya kata ipo pale barabarani, basi wanafunzi wa sekondari wa vijiji vyote vitatu wanashuka kila siku hata hivyo, hao wanahitaji ukumbi wenye meza, utulivu, taa, intaneti ya kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Hao chumba chenu hakiwatoshi na tukubali hivyo. Kwa hiyo jengo la barabarani sio wazo baya. Baya ni lile sharti la kwamba lazima limeze maktaba nyingine.

Na hili sharti, mmewahi kumsikia mfadhili mwenyewe akilisema? Uliza kwa heshima. Mara nyingi nimeona mfadhili kaandikiwa na mtu mmoja kwamba "kata inahitaji maktaba moja ya kisasa", akaamini hivyo ndivyo wananchi wanataka, wala hajui kuna chumba mlimani chenye mzee na vitabu 400. Mwombeni diwani awaunganishe naye kwa simu au barua, muende na pendekezo lililoandikwa: jengo la barabarani liwe dogo kidogo kuliko lililochorwa, liwe ndio kitovu, na sehemu ya hela iende kwenye mabati, shelfu na sola kwenye vile vyumba viwili. Na muulizeni swali moja ambalo halina ubaya wowote, mwaka wa tatu nani analipa mlinzi? Akijibu vizuri mshukuruni. Akisema jamii itachangia, basi jamii iulizwe kwanza kabla ya tofali la kwanza. Hapo hamjapinga maendeleo mwanangu, hapo mmeyalinda yasije yakawa gofu lenye kibao.

Sasa hili la vitabu ni vya nani. Hapa watu wengi wanakosea kwa nia njema. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji kikishasajiliwa inakuwa na hadhi ya kisheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Halmashauri ya wilaya nayo hivyo hivyo. Kata haina hadhi hiyo, kata ni ngazi ya kiutawala na ya vikao. Kwa hiyo mkiandika kwenye karatasi "vitabu ni mali ya maktaba ya kata" mmeandika kwamba ni mali ya mtu ambaye kisheria hayupo, na siku ya ugomvi, au siku kata ikigawanywa, na kata zinagawanywa kila mara tunaona, hakuna atakayejua vya nani. Andikeni badala yake kwamba kila kitabu kinabaki mali ya kijiji chake na kinatumika kwa pamoja. Vitakavyonunuliwa baada ya makubaliano ndio muamue, mimi ningeviandikisha halmashauri ya wilaya au nivigawe kwa zamu.

Kwa vitendo, mihuri ya zamani msiifute wala msiibandikie karatasi juu. Gongeni muhuri wa pili pembeni. Mgongoni mwa kila kitabu weka utepe, ile tepu ya mafundi umeme ni bei rahisi na inashika, nyekundu ya mlimani, bluu ya kati, njano ya barabarani. Mtoto wa chekechea atakwambia kitabu kimetoka wapi. Wazee wenu wakiuona utepe mwekundu kule barabarani mwaka mzima baadaye, neno la kuporwa litapungua lenyewe.

Na kwenye hayo makubaliano wekeni kipengele cha kuachana, mapema, mkiwa bado mnapendana. London, halmashauri tatu jirani, Westminster, Kensington and Chelsea, na Hammersmith and Fulham, ziliunganisha uendeshaji wa maktaba zao mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili kubana matumizi, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba ushirikiano wao unavunjwa. Iliwezekana kila mmoja kurudi na chake kwa sababu tangu mwanzo kila halmashauri ilibaki na mamlaka juu ya maktaba zake. Kama wenye wanasheria wengi vile waliachana, sisi ni nani tusijiandae.

Anayeamua kuingia kwenye mpango ni mkutano mkuu wa kijiji, sio kamati yenu ya maktaba, sio mwenyekiti peke yake na sio kamati ya maendeleo ya kata. Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu kwa hiyo nafasi haiko mbali. Vikao vitatu, vijiji vitatu, mihtasari mitatu yenye saini, ndipo mpande kata. Mkianzia kata mkashuka vijijini watu watahisi wameletewa kitu kilichokwisha pikwa, na hata kiwe kitamu watakitema.

Sasa nikwambie kitu kilichonifundisha mimi, kiliniuma na bado kinaniuma. Miaka ya nyuma nilishiriki mradi mmoja wa kuunganisha maktaba mbili za vijiji, sitasema wapi wala za nani. Tulikuja na fomu nzuri, namba nzuri, kompyuta mpakato. Maktaba moja ilikuwa na mtunzaji mzee aliyekuwa anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta buku, jalada limeshikwa mpaka limekuwa jeusi, kurasa za mwanzo zimeloa mawese. Waazimaji hakuwaandika kwa majina ya shule. Ameandika "mdogo wake fundi baiskeli, kitabu cha nyuki", "binti wa mwembeni, hadithi yenye simba", "yule wa kambo wa mama Yohana". Sisi wataalamu tukaona hili daftari ni vurugu, tukaanza rejista mpya, daftari likabaki kwenye boksi na boksi likapotea wakati wa kuhama. Vitabu vilivyokuwa nje kwa wasomaji havikurudi. Sio kwamba watu ni wezi, ni kwamba hatukuwa na mtu wa kumfuata "wa mwembeni", na mzee alipoona kazi yake ya miaka imewekwa pembeni alikaa kwake, hatukumwona tena. Pamoja naye viliondoka vitu ambavyo havikuwa hata kwenye daftari, nani anapenda nini, mtoto gani anasoma kwa kujificha kwa sababu baba hataki.

Kwa hiyo huyo mzee wenu wa miaka kumi na mbili ni sehemu ya maktaba kuliko shelfu. Kabla hamjahamisha kitabu hata kimoja, kaa naye jioni mbili tatu, yeye asome daftari lake kwa sauti na wewe uandike jina kamili, kijiji, jina la mzazi. Akitajwa kwenye makubaliano atajwe kwa kazi yake, mtunzaji wa tawi la mlimani, na hata posho ndogo ya sabuni na nauli iandikwe. Na majina hayo ya watoto na namba za simu za wazazi mkishayaweka kwenye simu au kompyuta yatunzeni, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022, sio vitu vya kutuma ovyo kwenye magrupu ya wasap. Kitabu gani mtu kaazima ni siri yake na maktaba.

Kuhesabu. Hii kazi ifanyeni kabla ya kikao chochote kikubwa kwa sababu mtu mwenye hesabu anasikilizwa. Mnasema 1,100 na 700 na 400, jumla 2,200. Nakala hizo, sio vitabu tofauti. Mtakuta kitabu kilekile cha hisabati nakala arobaini kwa sababu vyote vilitoka mgao mmoja. Chukueni safu tano kwenye Eksel au hata daftari lenye mistari: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, kipo wapi, hali yake. Msianze na programu kubwa. Ipo Koha, programu ya kuendesha maktaba, ni ya bure, ilianza kutumika kwenye maktaba za Horowhenua kule New Zealand mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi, naipenda sana, lakini inataka kompyuta ya kudumu na mtu wa kuihudumia na nyie kwa vitabu 2,200 hamjafika huko. Vipangeni kwa mafungu makubwa ya Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, inatosha, kilimo 630, hisabati 510, hadithi za asili 398, zile namba ndefu zenye nukta waachieni wa mjini kwa sasa.

Mkihesabu mtapalilia pia, yani kuondoa vitabu vilivyopitwa. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 na unaingia darasa kwa darasa, kwa hiyo vitabu vya kiada vya zamani vitawajazia nafasi. Vya masomo yanayobadilika sana punguzeni, ila kitabu cha hisabati cha zamani kikiwa kizima bado kinafundisha kugawanya. Msichome vitabu mbele ya watu, hata vile vibovu, wananchi hawasahau moshi wa vitabu. Wapeni familia zinazotaka.

Na kabla vitabu vya maktaba tatu havijakutana kwenye shelfu moja, vikagueni mchwa na wadudu wengine. Nimewahi kuinua kitabu kikubwa cha sayansi kutoka kwenye boksi lililokaa sakafuni, jalada zuri linang'aa, nikakifungua ndani ni udongo, kurasa zote zimeliwa zimebaki kingo kama fremu ya picha. Boksi moja kama hilo likiingia kwenye jengo jipya mmezika maktaba tatu kwa mpigo. Vitabu vinavyohama vikae chumba cha peke yake wiki mbili, fungua ukurasa kwa ukurasa, piga brashi, angalia vitobo na unga unga. Shelfu zisiguse ukuta, miguu ikae kwenye makopo yenye oili chafu, na kopo likaguliwe maana likijaa vumbi mchwa anapita juu yake kama daraja.

Muda nao, jipeni mwaka mzima. Miezi ya kwanza kuhesabu na tepu. Halafu kadi moja, kadi yenyewe kipande cha manila kilichogongwa muhuri wa vijiji vitatu. Halafu maboksi yaanze kupanda na kushuka, mizunguko miwili mkiandika kila kinachopotea. Hapo ndipo mtajua kama mnaweza kuaminiana hela. Kama maboksi yanarudi pungufu na hakuna anayejali, kamati moja yenye akaunti moja itawagombanisha, baki kwenye kadi na vitabu tu. Kama yanarudi sawa, undeni kamati ya pamoja, kila kijiji idadi sawa ya wajumbe hata kama vitabu havilingani, na waweka saini wa akaunti watoke vijiji tofauti.

Kuna mahali maandishi yangu hayatoshi na lazima uonane na mtu. Kwanza ardhi ya hilo jengo jipya. Kama ni eneo la shule, la kanisa, la ushirika au la ukoo, msisaini kitu mpaka mwanasheria wa halmashauri aone karatasi, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa ya mkutano mkuu hata kwa kitu kizuri kama maktaba. Lile jengo la zamani la ushirika pia liulizwe, vitabu 1,100 vimekaa humo kwa makubaliano gani? Pili, mkiletewa karatasi yenye neno kukabidhi, mkaambiwa ni taratibu tu mgonge muhuri leo, ombeni muda muende nayo kwa mwanasheria. Tatu, usajili wa kamati ya pamoja uanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Na kwa mambo ya maktaba yenyewe nendeni maktaba ya mkoa hapa Kigoma mjini, ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na kushauri maktaba kama zenu ni sehemu ya kazi yao, msione aibu kwamba nyie ni wadogo. Kama kuna kijana wenu aliyemaliza kidato cha nne na anapenda vitabu, ulizieni na mafunzo ya chuo cha ukutubi Bagamoyo, miaka mitano ijayo mtamhitaji.

Kwa diwani nenda wewe na katibu mwenzako wa kijiji cha kati, msiende na wazee wenye hasira siku ya kwanza. Mwambie tunalitaka jengo, na tunataka vyumba vyetu vibaki, na hizi hapa hesabu. Ukishapata idadi ya vitabu tofauti kwa kila maktaba na idadi ya watoto waliokuja wiki moja ya kawaida kila kijiji, niandikie nikusaidie kupanga pendekezo la mfadhili. Na siku ukishuka mjini kwenda maktaba ya mkoa mje na mzee, na lile daftari lake alibebe mwenyewe.